Asilimia 5.8: Namna Equity Building Society Ilivyonusurika

Wakaguzi wa Benki Kuu ya Kenya walipomaliza kupitia vitabu vya Equity Building Society mwaka wa 1993, hesabu waliyoikuta haikuhitaji mtaalamu wa kuifasiri. Mtaji uliolipwa na wenye hisa ulikuwa shilingi milioni 3, na hasara iliyolimbikizwa ilikuwa shilingi milioni 33. Katika kila shilingi 100 zilizokopeshwa, 54 zilikuwa kwa watu ambao hawakuwa wakizilipa. Ukwasi, yaani fedha ambazo taasisi ingeweza kuzitoa papo hapo mwenye akiba akifika dirishani, ulikuwa asilimia 5.8 ya amana, ilhali kiwango kilichotakiwa kilikuwa asilimia 20. Jambo zito kuliko yote ni kwamba amana zenyewe ndizo zilizokuwa zikigharimia uendeshaji, maana yake ni kwamba mkulima aliyeweka fedha Jumatatu alikuwa, bila kujua, akilipia mishahara na pango la mwezi huo.

Taasisi hiyo leo ni kundi la benki lenye matawi kuanzia Nairobi hadi Kinshasa, na kisa chake kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu mmoja, James Mwangi, ambaye mwaka wa 2012 alitunukiwa huko Monte Carlo tuzo ya mjasiriamali bora wa dunia ya kampuni ya Ernst & Young. Sina nia ya kumpunguzia sifa. Hata hivyo, mtu akizisoma hatua za miaka ile moja baada ya nyingine, anaona kwamba karibu kila hatua iliyofaulu ilikuwa ya kumwondolea mwenye akiba ndogo usumbufu au hofu fulani, na kwamba mikopo, ambayo ndiyo watu huikumbuka, ilikuja nyuma ya amana. Huo ndio upande wa kisa ninaotaka kuufuatilia hapa.

Equity ilianzishwa mwaka wa 1984 huko Kangema, Murang'a, na Peter Munga pamoja na wenzake wachache. Umbo lake la kisheria lilikuwa la taasisi ya kupokea akiba na kukopesha fedha za nyumba, na ndani ya umbo hilo ndimo tatizo lilimozaliwa. Mtu wa Kangema aliyeweka akiba alikuwa mkulima wa chai au kahawa, mwenye duka sokoni, au mwalimu wa shule ya msingi, na fedha aliyoiweka alikuwa akiihitaji tena baada ya wiki au miezi michache, karo ya shule ilipofika au mgonjwa alipolazwa. Mkopo wa nyumba kwa upande wake hurudi polepole kwa miaka mingi. Taasisi kubwa yenye amana nyingi huweza kuivumilia tofauti hiyo ya muda, kwa sababu wanaotoa fedha leo hufidiwa na wanaoingiza. Taasisi ndogo inayotegemea wateja wa eneo moja, ambao wote wanalipwa bonasi ya chai msimu mmoja na wote wanadaiwa karo wiki moja, haina kinga hiyo. Wakopaji walipoanza kuchelewa, hapakuwa na mahali pengine pa kuchota isipokuwa kwenye akiba za majirani zao.

Nchi nayo haikuwa katika hali ya kumsaidia mtu. Mwaka wa 1993 mfumuko wa bei nchini Kenya ulipita asilimia 40. Benki kadhaa za wazawa zilikuwa zimekwisha kuanguka tangu miaka ya kati ya themanini, na wimbi jingine lilipiga mwaka huohuo likaondoka na Trade Bank miongoni mwa nyingine. Wananchi walikuwa wamejifunza, kwa gharama ya akiba zao, kwamba bango lenye neno benki si ushahidi kwamba fedha zimo ndani. Katika mazingira hayo, taasisi yenye ukwasi wa asilimia 5.8 inaweza kufa kwa uvumi tu, kwani wateja wakipanga foleni ya kutoa fedha siku moja, mtu wa kumi na tano hakuti kitu.

James Mwangi, mhasibu aliyezaliwa Kangema na kusomea Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa amefanya kazi Trade Bank, kwa hiyo alikuwa ameliona anguko kutoka ndani. Aliitwa na Munga akaingia Equity kama mkurugenzi wa fedha. Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita ni kwamba hakuja kuwa mkuu. John Mwangi, mmoja wa waanzilishi, aliendelea kuiongoza taasisi kwa takriban muongo mzima, naye Munga akabaki mwenyekiti. Waanzilishi hawakufukuzwa, na wafanyakazi, ambao hawakufika hata 30, hawakupunguzwa. Vitabu vya biashara vya kigeni hupenda simulizi ya mwokozi anayeingia na panga mkononi, lakini hapa wale waliolizamisha jahazi walikaa ndani yake wakalichota maji pamoja na mgeni waliyemkaribisha wenyewe. Kwa taasisi ambayo mali yake pekee iliyobaki ilikuwa kufahamika na watu wa Murang'a, nadhani uamuzi huo ulikuwa na thamani kuliko unavyopewa, kwa maana sura ya karani aliyezoeleka dirishani ilikuwa sehemu ya dhamana.

Shimo la mtaji lilipaswa kuzibwa, na hakuna mwekezaji wa Nairobi ambaye angetia fedha katika kampuni iliyopoteza mara 11 ya mtaji wake. Uongozi ukawageukia wale waliokuwapo: wafanyakazi waliombwa kununua hisa kutokana na mishahara yao, kisha wakatumwa kuwashawishi wateja nao wanunue. Hatua hii inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ina pande mbili. Kwa upande mmoja, ni jambo la kutia wasiwasi kumwambia mkulima, ambaye akiba yake tayari imo hatarini, aigeuze sehemu yake kuwa hisa, maana mwenye akiba ana haki ya kudai fedha zake na mwenye hisa hana. Kama Equity ingeanguka mwaka wa 1995, leo tungekiita kitendo hicho kwa jina baya, na tungekuwa na haki. Kwa upande mwingine, kilibadilisha jambo ambalo fedha za mfadhili zisingeweza kulibadilisha. Karani aliyeweka sehemu ya mshahara wake katika hisa hakuweza tena kumtazama mteja kama bughudha, na mteja mwenye hisa kumi hakuwa wa kwanza kukimbilia dirishani aliposikia uvumi sokoni, bali alikuwa na sababu ya kuukanusha.

Sidhani kwamba waliopanga hatua hiyo waliifikiria kwa maneno hayo. Walikuwa wamekosa njia nyingine. Lakini matokeo yake ni kwamba hatari ya taasisi, badala ya kufichwa katika vitabu, iligawanywa miongoni mwa watu waliokuwa wakionana kila siku ya soko.

Baada ya hapo mikopo ya muda mrefu ya nyumba ikaachwa nyuma, na mahali pake ikaja mikopo midogo ya muda mfupi ambayo ilifuata mwenendo wa mapato ya mteja: pembejeo za shamba, karo, matibabu, nyongeza ya bidhaa dukani, na fedha za kutangulizia mshahara. Mkulima wa chai alikopeshwa kwa kutegemea malipo yake ya majani yatakayopitia akaunti yake. Ufanisi wa mpango huo haukutokana na huruma kwa maskini, kama ambavyo matangazo ya baadaye yalivyopenda kudokeza. Ulitokana na ukweli kwamba mtu ambaye fedha zake zote hupitia kwako unamfahamu kuliko hatimiliki ya shamba lake inavyoweza kukufahamisha. Akaunti ya akiba ikawa ndiyo faili ya mkopo. Aliyeweka shilingi 200 kila Ijumaa kwa miezi minane alikuwa amekwisha kuandika maombi yake ya mkopo kwa mkono wake mwenyewe, ingawa hakujua kwamba alikuwa akiandika.

Miaka ya tisini iliyobaki ilipita bila kishindo. Taasisi ilikua, ikaanza kupata faida, ikaufuta polepole ule upungufu wa mtaji. Wakati huohuo jambo kubwa lilikuwa likitokea upande wa pili wa barabara, na Equity haikuwa na mkono ndani yake. Mabenki makubwa yenye asili ya kigeni, Barclays ikiwa mojawapo, yalifunga matawi katika miji midogo na kupandisha kiwango cha chini cha fedha ambacho mteja alitakiwa kukiacha katika akaunti. Kwa mwalimu wa Nyeri au muuza mitumba wa Thika, hilo lilikuwa sawa na kuonyeshwa mlango. Mabenki hayo hayakukosea katika hesabu zao, kwa kuwa kwa gharama walizokuwa nazo, akaunti ya shilingi 1,500 iliwatia hasara kila mwezi. Kosa lao, ikiwa ni kosa, lilikuwa kuziona gharama zile kana kwamba ziliumbwa na Mungu.

Equity haikuwa na fedha za kujenga matawi mahali palipoachwa. Ikatumia magari. Kwa msaada wa fedha kutoka Uingereza, magari yaliyobeba karani, askari na sanduku la fedha yalianza kuzunguka vituo vya vijijini kwa siku maalumu za juma, na mwanakijiji aliyekuwa akitumia nauli na nusu siku kufika tawini akawa anaweka akiba yake umbali wa kutembea kwa miguu. Ada ya huduma hiyo ilikuwa juu kidogo kuliko ya tawini, lakini watu waliilipa, kwa sababu walilinganisha ada na nauli. Hili ni somo dogo la bei ambalo wachumi wengi hulisema kwa maneno mengi: mteja maskini huhesabu gharama yote, ikiwemo ile ambayo benki haiioni.

Ndani ya matawi, kazi ilikuwa bado ya kadi na leja za mkono. Kompyuta zilipoingizwa mwaka wa 2000, muda wa kumhudumia mtu mmoja ulishuka kutoka takriban nusu saa hadi dakika chache. Ni rahisi kulitaja jambo hili haraka kama suala la mitambo tu, lakini kwa amana ndogo lilikuwa na uzito wa pekee. Mtu mwenye shilingi 300 hawezi kuacha kibanda chake kwa saa mbili ili aziweke benki, na akilazimika kufanya hivyo atazirudisha chini ya godoro. Kila dakika iliyopunguzwa kwenye foleni ilishusha kiasi cha chini ambacho mtu angeona kinafaa kupelekwa benki, kwa hiyo kompyuta iliongeza idadi ya watu ambao akiba zao zingeweza kuwa akiba za benki.

Hatua ambayo mimi naihesabu kuwa kiini cha kisa chote ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati taasisi, ikisaidiwa na wataalamu wa shirika la MicroSave, ilipofanya jambo ambalo lilikuwa geni kwa mabenki ya Kenya wakati huo, yaani kukaa na vikundi vya wateja na kuwauliza nini kinachowaudhi. Wateja walisifu kukaribishwa kwao, wakasifu wafanyakazi. Malalamiko yalihusu makato. Kulikuwa na ada ya kufungua akaunti, ada ya leja, ada ya hiki na kile, na nyingine zilikatwa kimyakimya hivi kwamba mtu aliyeweka 500 akarudi baada ya miezi kadhaa alikuta pungufu bila kujua sababu. Kwa benki, hizo zilikuwa senti. Kwa mteja, ilikuwa ni kuibiwa na mtu aliyemwamini, na neno walilolitumia wengi halikuwa mbali na hilo.

Uongozi ukaondoa ada ya kufungua akaunti, ukaondoa makato ya kila mwezi, na ukabakiza ada moja ya wazi ambayo mteja alilipa pale tu alipotumia huduma, hasa alipotoa fedha. Mtu wa kawaida angetarajia mapato yashuke. Katika hesabu ya karatasini yalipaswa kushuka. Lakini akaunti isiyoliwa na makato ikiwa imetulia ni akaunti ambayo mtu hana sababu ya kuifunga, na ambayo jirani yake hana sababu ya kuogopa kuifungua. Wateja wapya wakaanza kufika kwa makumi ya maelfu. Jijenge, akaunti ya kuweka kiasi maalumu kila mwezi kwa lengo ambalo mteja amelichagua mwenyewe, ilitokana na mazungumzo hayohayo, na jina lake, ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote wa Afrika Mashariki, lilitimiza kazi ambayo kurasa kumi za maelezo zisingeweza kuitimiza.

Ningependa msomaji asimame kidogo hapa na kuuliza kwa nini benki nyingine hazikuiga papo hapo, kwa kuwa hapakuwa na siri yoyote. Bei zilibandikwa ukutani. Jibu, kwa maoni yangu, liko katika muundo wa mapato. Benki ambayo sehemu kubwa ya faida yake inatokana na hati za kuikopesha serikali na wateja wakubwa haina haja ya kumpendeza mwenye shilingi 300, na ada anazokatwa hutazamwa kama nyongeza ya bure. Equity haikuwa na wateja wakubwa wa kuitegemea. Kukosa njia ya kutokea kuliilazimisha kuifanyia kazi njia ambayo wengine waliweza kuidharau, na walipogutuka ilikuwa imekwisha kuwa na mamia ya maelfu ya akaunti.

Ufanisi huo haukuwa bila dosari zake. Wakazi wa Nairobi wa miaka ile wanazikumbuka foleni zilizotoka nje ya milango ya matawi zikafika barabarani, hasa mwisho wa mwezi, na utani ulikuwa kwamba mtu akienda Equity abebe chakula. Taasisi iliyoponywa kwa kupunguza muda wa kusubiri ilirudisha kusubiri kwa kufaulu kwake. Haikuipata nafuu ya kweli hadi mashine za kutolea fedha zilipoenea, na baadaye, mwaka wa 2010, Benki Kuu iliporuhusu mabenki kutumia mawakala, duka la kona likawa dirisha la benki.

Yaliyofuata yanafahamika na yanaweza kusemwa kwa ufupi. Mwaka wa 2003 mfuko wa uwekezaji wa AfriCap ulinunua hisa na kuleta nidhamu ya bodi yenye watu wa nje. Mwishoni mwa 2004 Equity ikapata leseni ya benki kamili ya biashara, na Agosti 2006 hisa zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, wateja wakiwa wamefika milioni 1. Mwaka wa 2007 kampuni ya Helios ililipa shilingi bilioni 11 kwa karibu robo ya benki. Baadhi ya walioombwa, katika siku za shida, wabadilishe mishahara na akiba zao kuwa hisa wakajikuta wamekuwa watu wenye uwezo, jambo ambalo lina haki yake ndani yake, ingawa, kama nilivyosema, mizani ingeweza kuelemea upande mwingine.

Kuna kipimo kimoja zaidi cha kisa hiki, nacho kinatoka kwenye kutofaulu. Mwaka wa 2010 Equity na Safaricom zilizindua M-Kesho, akaunti ya akiba iliyounganishwa na M-Pesa. Ushirika huo ulififia, na Novemba 2012 Safaricom ikaja na M-Shwari kwa kushirikiana na benki nyingine, Commercial Bank of Africa. Equity, iliyojenga kila kitu chake juu ya kumfahamu mwenye akiba ndogo kupitia mwenendo wa fedha zake, ilikabiliwa na kampuni ya simu iliyokuwa ikimfahamu mtu huyohuyo kwa undani zaidi, kwa sababu hata shilingi 50 zilipita mikononi mwake. Jibu lake, la kuomba leseni na kuanzisha huduma yake ya simu ya Equitel juu ya mtandao wa Airtel, lilikuwa la gharama na lilileta mvutano mrefu, lakini linaonyesha kwamba uongozi ulielewa vizuri kile kilichokuwa kikichukuliwa.

Kipimo cha pili kiko kusini mwa mpaka. Baada ya kuingia Uganda mwaka wa 2008, Sudan Kusini 2009 na Rwanda 2011, Equity ilifungua milango Tanzania mwaka wa 2012, ikiwa na jina, mtaji, mitambo na uzoefu ambao haikuwa nao hata chembe mwaka wa 1993. Mtu angetarajia kazi iwe nyepesi. Lakini Tanzania haikuwa na pengo lile lililoachwa na mabenki makubwa ya Kenya. Serikali ilipoigawa NBC, benki yake ya zamani ya biashara, mwaka wa 1997, matawi ya wilayani na wateja wake wadogo walikwenda NMB, na hata baada ya asilimia 49 ya hisa za NMB kuuzwa mwaka wa 2005 kwa wawekezaji walioongozwa na Rabobank ya Uholanzi, benki hiyo haikuyakimbia matawi hayo. Mshahara wa mwalimu wa Songea uliendelea kupitia dirisha lake. Benki ya CRDB nayo ilikuwa imejijenga mikoani. Equity ilimkuta mwenye akiba ndogo ana mahali pa kwenda, na ikabaki, kwa miaka mingi, benki moja miongoni mwa nyingi jijini Dar es Salaam, ikishindana kwa riba na mikopo kama wengine wote.